Nyumba Kama Ofisi Siku ya Jumapili

Sentensi hiyo niliisikia kwanza kwa dereva wa bajaji, halafu kwa muuza kashata nje ya geti la shule, halafu kwa mama yangu mwenyewe. "Nyumba yangu siku hizi ni kama ofisi siku ya Jumapili." Mji mzima wa Mtwara ulikuwa unaisema. Mtu akiulizwa habari za nyumbani anajibu hivyo, na watu wanacheka. Mama aliitoa sokoni. Alikuwa anakanda unga wa maandazi, akaniambia, "Wanaume wa mji huu! Eti nyumba kama ofisi siku ya Jumapili. Si ungefungua madirisha, baba wee, ofisi ikapata hewa!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye unga, unga ukambaki shavuni.

Niliuangalia ule unga. Sikuweza kucheka, maana nilikuwa nimeshajua nani ameiandika.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini linaishia kooni, nasimama tu mpaka aseme kaa. Ndiyo maana naandika. Haya nayaandika kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia, na wale wawili ambao ningewaambia ndio wenyewe.

Kulikuwa na mtandao wa siri wa watu walio kwenye ndoa wanaotafuta wapenzi wa pembeni. Sisi wanafunzi hatukuujua mpaka ulipovunjwa. Wadukuzi waliingia, wakachukua kila kitu, namba za simu, picha, maneno watu waliyoandikiana, wakayamwaga hadharani. Redioni walisema waliomo ni watu wa nchi nyingi. Lakini haikuchukua muda watu wa huku wakaanza kuchambua za kwetu, kama mtu anavyochambua mchele. Kukawa na ukurasa unaandika namba, unaambiwa yumo au hayumo. Pale stesheneri tunapotoa kopi za mitihani, akina mama walikuwa wanapanga foleni na yule dada mwenye kompyuta anawatafutia. Jirani yetu mmoja alikuta namba ya mumewe, akatupa nguo za mume barabarani, mashuka, viatu, mpaka mswaki. Baadaye ikajulikana laini ile mume aliisajili kwa kitambulisho chake akampa mdogo wake anayeishi Masasi. Nguo zilirudishwa ndani, lakini yule baba siku hizi anapita na kichwa chini utadhani ni yeye kweli.

Mama hakupanga foleni. Simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na alisema wanaojisumbua ni wenye waume wa kuwatilia shaka. Baba ni karani wa ghala la korosho. Anatoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, anarudi kabla ya magharibi, anakula, anasikiliza taarifa ya habari. Nani angemtilia shaka?

Kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu watu walikuwa wanarushiana yale maandishi. Siku moja msichana ninayekaa naye dawati moja akatuma picha ya maneno, akaandika chini yake, "Huyu mzee wa huruma wa hapahapa Mtwara, someni mlie." Namba alikuwa ameifuta katikati, nadhani aliona ndiyo heshima. Zilibaki tarakimu za mwanzo na mbili za mwisho. Za mwisho zilikuwa kama za baba, lakini watu wangapi wana namba zinazoishia hivyo? Nikasoma.

"Kwa kweli mke wangu sina la kumlaumu. Ni mtu mzuri. Lakini tangu tumzike mtoto wetu hatuzungumzi. Nyumba yangu siku hizi ni kama ofisi siku ya Jumapili. Nina binti yuko kidato cha tatu, mkimya sana, sijui anawaza nini, naogopa hata kumuuliza. Yule mtoto wetu alikuwa anacheka akiona feni inazunguka. Umeme ukikatika analia, si kwa ajili ya joto, ni kwa sababu feni imesimama. Haya sijamwambia mtu yeyote."

Na yule aliyeandikiwa alijibu, "Pole mpenzi wangu mtamu. Nitumie picha yako."

Mdogo wangu alifariki kwa homa kabla hajaanza kutembea. Baada ya matanga baba alikusanya nguo zake zote akazipeleka sijui wapi. Akanivuta pembeni, akaniambia, "Tusimtaje tena mbele ya mama yako. Tukimtaja ataumia zaidi." Nikatii. Mama naye sikumsikia akimtaja hata mara moja, nikajua naye kaambiwa hivyohivyo. Tukawa watu watatu tunaopishana kwenye korido. Chumvi iko wapi, iko pale. Umeme umekatika, ndiyo umekatika.

Kwa hiyo niliposoma habari ya feni, nilijua ni baba. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naikumbuka.

Lazima niseme na hili, maana nikiliacha nitakuwa nimeandika uongo. Kwenye ile picha kulikuwa na mengine chini, ya baba na yule mtu, ambayo mtoto hapaswi kuyasoma ya baba yake. Hakuwa anatafuta wa kuongea naye tu. Niliyasoma pia. Wenzangu wakaweka vikaragosi vya kucheka, mmoja akaandika, "Na huyo binti mkimya si ndiyo atakuwa bubu?" Nikaweka kikaragosi cha kucheka na mimi, ili nisionekane sijaweka.

Baadaye redioni mtaalamu mmoja alieleza kwamba wengi wa wale wanawake wa kwenye mtandao hawakuwa watu. Zilikuwa ni mashine zimepangwa kujibu. Baba alikuwa mezani, anasikiliza huku anamenya chungwa. Mtaalamu alipolisema hilo kisu kilisimama. Kisha akaendelea kumenya mpaka chungwa likaisha ganda, akaliweka kwenye sahani, hakulila.

Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, mama asijue. Nilikuwa nahesabu kwamba watu watachoka, litakuja jambo lingine, ile sentensi itasahaulika, na sisi tutaendelea na ukimya wetu ambao angalau tuliuzoea. Naamini ingewezekana. Lakini bibi mzaa baba akafariki, huko Mpapura.

Asiyejua misiba ya kwetu huenda asielewe kilichotokea, kwa hiyo naeleza. Kwetu msiba hauendi bila watani. Sisi ni Wamakonde, na Wamakua ni watani zetu. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kufanya lolote. Atavaa nguo za marehemu aige anavyotembea, atalala njiani jeneza lisipite, atawatukana wafiwa kwamba wamemuua mzee kwa njaa. Na mfiwa hakasiriki. Unatakiwa umjibu, tena umjibu kwa utani mkali kuliko wake, ndiyo heshima yake na ndiyo dawa ya msiba. Tangu niko mdogo sijawahi kuona mtu mzima akimkasirikia mtani.

Mtani wetu mkubwa ni mama mmoja ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji, wakalima hukuhuku. Mama mnene, ana sauti ya kuita mtu aliye shamba la tatu. Alimpenda bibi. Siku ya mazishi ndiye aliyelia kuliko sisi wote, na alipomaliza kulia akajifunga kanga kiunoni akaanza kazi yake.

Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wamekaa kwenye mikeka uani. Wanawake tulikuwa upande wa jikoni, mama yangu ameshika mwiko kwenye sufuria kubwa la ugali. Mtani akampokonya baba mkubwa kofia yake ya kiua, akaivaa upande. Akaokota kipande cha muhogo, akakiweka sikioni kama simu. Akajikohoza, akatoa sauti ya kiume.

"Hallo, mpenzi! Ndiyo, niko peke yangu. Mke wangu kaenda msibani, mama mkwe wake kafa. Njoo!"

Watu wakaangua kicheko. Baba mkubwa, kaka yake baba, akajibu palepale, "Kumbe ni wewe! Mimi nachati miezi yote hiyo na mtoto mzuri, kumbe picha uliyoweka ni ya mjukuu wako! Nirudishie bando langu!"

"Bando gani, Mmakonde wewe, wakati unaazima simu ya imamu?"

"Imamu mwenyewe nilimkuta yuko foleni!"

Hata imamu alicheka, akaficha uso kwa mkono. Mama alicheka, nilimwona, mwiko umesimama kwenye ugali. Mtani akasogea, anatembea kama mwanaume mwenye kitambi, anapita mtu kwa mtu na muhogo wake. Kila mmoja akamjibu lake. Akafika kwa baba. Akainama, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mpenzi, nihurumie. Nyumba yangu siku hizi ni kama ofisi siku ya Jumapili."

Alikuwa anasema ile sentensi ya mtaani tu. Angeweza kuwa amemwambia mtu yeyote aliyekaa pale. Zamu ilikuwa ya baba, basi. Na jibu lilikuwa rahisi, hata mimi nisiyeongea nilikuwa nalo, ungesema tu njoo basi ufagie hiyo ofisi, ungesema lolote. Nilikuwa nalisema moyoni, baba jibu, baba jibu.

Baba akaangalia chini. Akasema, "Inatosha, mama."

Mtani akadhani ndiyo utani wenyewe. "Inatosha nini, mpenzi? Hata picha hujatuma!"

"Nimesema inatosha!" Akasimama, akavaa kandambili zake, akatoka uani kwa hatua za haraka, akaenda kusimama nyuma ya mikorosho, amewapa watu mgongo.

Mtani alibaki ameshika muhogo sikioni, kofia upande, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu. Akaushusha muhogo. "Yallah," akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. Watu wote wakageuka kumwangalia mama.

Mama alikuwa ananiangalia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Mimi uso wangu haujui kuficha, ndiyo maana huwa nauinamisha. Aliniangalia muda kidogo tu, kisha akarudi kwenye ugali, akausonga, akaupakua, akapanga masinia, akasema kwa wale wanawake, "Pelekeni, wageni wana njaa." Alisonga na kupakua hivyo mpaka khitma ya siku ya tatu ikaisha. Alimpa mama mkwe wake heshima zote. Hakumwuliza baba neno. Baba naye hakumfuata.

Khitma ilipokwisha, mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye alikuja kuhani, alikuwa anajiandaa kurudi kijijini kwao, Ziwani. Mama akafunga kanga zake kwenye furushi.

"Kaka, tunakwenda wote," akasema.

Mjomba akamtazama baba aliyekuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, unalo la kusema?"

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno dada yake anapoondoka kwa mumewe, na akiuliza hivyo anakupa nafasi. Baba alifungua mdomo. Nilimwona kabisa, kama mimi ninaposimamishwa darasani. Akasema, "Barabara mbaya, pikipiki iende polepole."

Basi, hilo ndilo alilolisema.

Nikarudi mjini na baba kwa sababu ya shule. Mtani wetu alikuja nyumbani, kavaa baibui, kashika jogoo. Alikataa kiti, akakaa chini kwenye sakafu. "Mtani haombi radhi," akasema. "Tangu babu zetu mtani haombi radhi. Lakini mimi silali." Baba akamwambia, "Hukukosea, mama. Ulifanya kazi yako. Mimi ndiye sikufanya yangu." Yule mama akalia. Jogoo tulimfuga, hakuna aliyekuwa na hamu ya kumchinja.

Mtaani walishajua. Ile sentensi ghafla hakuna aliyekuwa anaisema nikipita, na kule kutoisema kulinichoma kuliko walipokuwa wanaisema. Yule msichana wa dawati langu aliniletea juisi ya ukwaju, akaiweka tu, akasema, "Sikujua. Wallahi sikujua ni kwenu." Ni kweli hakujua. Lakini nilijiuliza, kama ingekuwa kwa wengine ndiyo ingekuwa sawa?

Jumamosi moja baba alinipa nauli niende Ziwani. Hakunituma neno lolote. Alinipa mchele na dagaa, akasema, "Msalimie."

Mama nilimkuta kwa mjomba, nyuma ya nyumba, anamenya muhogo. Amepungua. Nilimwamkia, nikakaa, nikachukua kisu na mimi nikawa namenya. Aliniuliza shule, nikamwambia shule nzuri. Aliniuliza maandazi nani anawapelekea wale wa dukani, nikamwambia hakuna. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mjomba wako anasema nimekaa vya kutosha. Anasema wanaume ni walewale, na huyu hata hakumgusa mtu, alikuwa anabonyeza simu tu. Labda nirudi." Akatupa muhogo kwenye maji. "Wewe uliyasoma?"

"Ndiyo, mama."

"Alinisema?"

Hapo moyo wangu ulinidunda kwa furaha, nakiri. Niliona mlango umefunguka. Nilijua alichoandika juu yake, na hakikuwa kibaya. Nilifikiri nikimwambia atasimama palepale afunge furushi turudi wote.

"Hakukusema vibaya. Alisema wewe ni mtu mzuri, hana la kukulaumu."

"Eeh. Na nini kingine?"

Nikamwambia. Mimi ambaye siongei niliongea. Nilikuwa nimeyakariri, nikamwambia tangu tumzike mtoto hatuzungumzi, nikamwambia alikuwa anacheka akiona feni, umeme ukikatika analia kwa sababu feni imesimama. Niliyasema yote kwa sauti ya baba.

Kisu kilimtoka mkononi.

"Alimtaja?"

"Ndiyo, mama. Bado anamkumbuka. Anakumbuka kila kitu."

"Alimtaja mwanangu," akasema, kama vile hakunisikia. "Mimi aliniambia nisimtaje. Nikameza. Naamka usiku maziwa yamenijaa, nalala kifudifudi ili asisikie, kwa sababu alisema tukimtaja tutaumia. Nikadhani yeye kasahau, nikasema ndivyo walivyo, wanasahau. Kumbe hakusahau. Kumbe alikuwa naye mdomoni muda wote, akaenda kumgawa kwa mtu asiyemjua."

"Mama, hakuwa hata mtu. Walisema redioni ni mashine."

Hilo nalo nilidhani litasaidia. Mama akaniangalia, halafu akaanza kulia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Hakulia hivyo kwa mtoto wala kwa bibi. Wake wa mjomba walitoka mbio wakidhani kafiwa, akawa anawasukuma kwa mikono, anasema niacheni, niacheni, na katikati ya kulia akalitaja jina la mdogo wangu, kwa nguvu, mara nyingi, kama mtu anayemwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali.

Alipotulia alinawa uso kwenye yale maji ya muhogo. Akanishika mkono. "Hukukosea kuniambia," akasema. "Ila siwezi kurudi kule, mwanangu. Angekuwa na mwanamke mwingine ningemsamehe. Likizo njoo ukae na mimi. Huyo mtoto tutamtaja mpaka tuchoke."

Nilirudi na bodaboda jua likiwa limeelekea kuzama. Baba alikuwa barazani, na shati la kazini ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Kasema anarudi lini?"

Ningeweza kusema hajasema. Zamani ningesema hajasema, nikaingia ndani. "Harudi, baba. Nilimwambia habari ya feni."

Nilidhani atanifokea, na ningempa haki. Akasogea pembeni kwenye benchi ili nipate pa kukaa, nikakaa.

"Alilia?"

"Alilia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Akamtaja jina."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Tangu tumzike sijamsikia akilia," akasema. "Nilidhani halii." Kisha akainuka, akaingia jikoni, nikasikia anatafuta kiberiti awashe jiko.